Kutu ya Corolla ya Mama Mwalimu: uvimbe uliorudi pale pale

Uvimbe wa kwanza ulikuwa kama punje ya haragwe. Mwenye gari, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Kyeshero, hapa Goma, aliuona mwezi wa Aprili 2023 akiosha gari, juu ya gurudumu la nyuma upande wa kulia. Aliugusa kwa kidole, ukabonyea. Nilipoitwa mwezi wa Juni ulikuwa umefikia nusu ya kiganja, rangi imepasuka katikati, na kwenye ufa yanachuruzika maji yenye rangi ya chai. Mahali hapo hapo palikuwa pametengenezwa miezi kumi na mmoja kabla, katika karakana moja ya mjini. Pakapigwa rangi, pakang'aa, na pesa ikalipwa yote.

"Papa fundi," aliniambia, "sikukuita kwa ajili ya urembo. Nataka kujua kwa nini inarudi pale pale. Ile pesa ya kwanza ilienda wapi?"

Kisa chote kimo katika swali hilo. Nimefanya kazi ya karoseri, yaani mabati na rangi ya mwili wa gari, kwa zaidi ya miaka ishirini, na magari mengi niliyoona yakirudi yalirudi kwa sababu moja: mtu alishughulikia rangi, hakutafuta maji. Gari hili lilinionyesha jambo hilo wazi kuliko yote, na kazi yenyewe tuliifanyia nyumbani, uani kwa Mama Mwalimu, na vifaa ambavyo mtu anaweza kuazima. Kwa hiyo naieleza yote, pamoja na pale nilipokosea.

Gari ni Toyota Corolla nyeupe ya 1997, usukani kulia, lililotoka Japani likiwa limeshatumika. Marehemu mume wake alilinunua 2012. Tarehe 22 Mei 2021 volkano yetu ya Nyiragongo ililipuka, na siku tano baadaye watu wa sehemu kubwa ya mji walipoamriwa kuhama, ndilo lililobeba familia mbili mpaka Sake, kilomita kama 25, watoto wamepakatana nyuma na magodoro yamefungwa juu. Nilipoona jinsi anavyoweka mkono kwenye boneti akilizungumzia, sikuthubutu kumshauri auze.

Watu huniuliza kwa nini magari ya Goma yanaliwa na kutu wakati hatuna bahari, wala theluji inayomwagiwa chumvi barabarani kama Ulaya. Jibu wanalivuta puani kila siku. Moshi wa volkano una dioksidi ya salfa, na ikikutana na unyevu wa mawingu inageuka asidi. Mvua inayopita kwenye moshi huo inashuka ikiwa chachu. Nendeni mkaone mabati ya nyumba upande wa magharibi wa mlima, kule upepo unakopeleka moshi mara nyingi: yanatoboka kabla ya wakati wake. Pili kuna mchanga wa lava. Ni mweusi na una kingo kali kama chupa iliyosagwa, na gurudumu likiutupa juu unakwaruza rangi ndani ya upinde, lile bati lililopinda juu ya gurudumu, mpaka chuma kibaki wazi. Chuma kilicho wazi kikipata maji na hewa kinaanza kugeuka kutu, na kutu inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana rangi inainuka na kuvimba. Isitoshe ina matundu madogo madogo, inashika maji kama sponji, kwa hiyo haikingi chuma kilicho chini yake hata kidogo. Inakula tu, safu baada ya safu.

Basi nilipoona uvimbe uko upande wa kulia, nilijipa jibu papo hapo. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, magurudumu ya upande huo ndiyo yanayopita kwenye madimbwi ya kandokando na kwenye kokoto zilizosukumwa ukingoni. Nikasema: mawe yamekula upinde kutoka nje. Ilikuwa hoja nzuri, ila si ya gari hili.

Nilianza na sumaku. Niliifunga kwa kitambaa chepesi isikwaruze, nikaipitisha mwili mzima wa gari. Kwenye paa ilinata. Kwenye milango ilinata, isipokuwa ukingo wa chini wa mlango wa mbele kushoto ambapo ilishika kwa ulegevu. Juu ya gurudumu la nyuma kulia ilidondoka kabisa, katika eneo la viganja viwili. Sumaku haishiki mastike, ule uji mzito wa kujazia na kulainisha bati kabla ya rangi, kwa hiyo pale palikuwa na mastike nene. Nikagonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima linalia, mastike inaitika kwa sauti ya kizibo. Kisha nikasukuma ncha ya bisibisi kwenye ukingo wa upinde kwa nguvu ya kidole gumba tu. Ikaingia.

Kabla ya kuendelea nililala chini ya gari na kugonga sehemu zinazobeba uzito na uhai wa watu: mihimili ya pembeni chini ya milango, mahali pa kuweka jeki, mahali springi za nyuma zinaposhikia, na pale mikanda ya usalama inapofungwa. Zote zililia vizuri. Kama mojawapo ingekuwa imeliwa, ningemwambia Mama Mwalimu kazi hii si ya uani. Bati la ubavu likikosewa, gari linakuwa baya kutazama. Sehemu zile zikikosewa, mtu anakufa kwenye ajali ambayo angetoka mzima.

Na neno moja kuhusu kulala chini ya gari hapa kwetu. Uwanja wa nyumba nyingi za Goma ni kifusi cha lava, jeki haikai sawa juu yake. Tuliweka mbao nene chini ya jeki, halafu gari tukalikalisha juu ya magogo yaliyopangwa kwa kupishana. Msitumie jiwe la lava kushikilia gari. Linaonekana gumu, lakini limejaa matundu na linaweza kupasuka ghafla chini ya uzito.

Nilipobandua mastike kwa tindo, kipande cha kwanza kilikuwa na unene wa milimita tisa. Mastike nzuri haipaswi kuzidi milimita mbili au tatu. Chini yake kulikuwa na kipande cha bati jembamba la nyumba, lile la namba BG 32, kimeshikizwa kwa riveti nne juu ya shimo lenyewe. Kingo za shimo hazikukatwa. Kutu ya zamani ilikuwa imeachwa pale pale, imefunikwa kama mtu anayefunika kidonda chenye usaha kwa bandeji safi.

Mastike ya polista, hata ikikauka ikawa ngumu kama mfupa, inavuta unyevu. Upande wa nje imefunikwa na rangi, lakini upande wa ndani, unaotazama uvungu wa gari, iko uchi. Inakunywa maji kutoka nyuma, inayapeleka kwenye chuma, chuma kinavimba, mastike inaachia. Mabati mawili yaliyolaliana bila kuzibwa yanatengeneza mfuko, na maji yakiingia kwenye mfuko hayana haraka ya kutoka. Bati la BG 32 nalo halifiki hata nusu ya unene wa bati la gari, ambalo ni kama milimita 0.8. Simlaumu sana aliyefanya ile kazi. Gari linaletwa asubuhi, mwenyewe analitaka jioni, bei imevutwa chini mpaka haitoshi hata msasa. Lakini Mama Mwalimu hakuambiwa alichonunua, na hilo ndilo lililoniuma.

Sasa swali lilikuwa maji yanatoka wapi. Kama ni mawe ya nje, upande wa ndani ungekuwa na hali nzuri kuliko wa nje. Nikatoa zulia la buti, gurudumu la akiba na ubao wa pembeni, nikachungulia kwenye bonde lililo kati ya upinde wa gurudumu na bati la ubavu. Nikaingiza mkono. Ulitoka na mchanga mweusi uliolowa. Nilichota mpaka nikajaza kopo la maziwa ya unga. Siku nane zilikuwa zimepita bila tone la mvua, ilikuwa Juni, na mchanga ule ulikuwa bado unakamulika.

Hapo nikajua hoja yangu ya mawe imekufa. Kutu hii ilikuwa inatoka ndani kuja nje. Uvimbe tuliouona ulikuwa mwisho wa safari yake.

Jaribio la maji nalieleza kwa urefu, maana ni la bei ndogo na watu wengi hawalifanyi. Kausha bonde lote kwa vitambaa. Paka poda ya mtoto kwenye kuta zake za ndani, ile nyeupe ya dukani, tabaka jepesi. Mweke mtu ndani ya buti na tochi, mfungie kifuniko kwa muda mfupi huku mkisemezana. Wewe uko nje na mpira wa maji, usifungulie kwa nguvu. Anza chini, panda juu taratibu, na kila mahali kaa dakika tatu. Ukianza juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yaliingilia wapi.

Tulianza kwenye upinde: kimya. Mpira wa kioo cha nyuma: kimya. Mpira wa kifuniko cha buti: kimya. Tulipofika kwenye taa ya nyuma, mtoto wa Mama Mwalimu aliyekuwa ndani alipiga kelele: "Inalia!" Kwenye poda kulikuwa na mfereji mmoja mwembamba, kama chozi, kutoka kwenye skrubu ya taa mpaka bondeni.

Mpira unaozunguka taa ile ulikuwa na miaka 26. Umekauka, unavunjika mkononi kama biskuti. Lakini kuvuja peke yake kusingeleta balaa lote hili, kwa sababu waliotengeneza gari waliacha matundu mawili chini ya bonde, kila moja la kipenyo cha penseli, ili maji yakiingia yatoke. Nikayatafuta. Moja lilikuwa limezibwa na mchanga wa lava ulioshikamana kama saruji. La pili lilikuwa limezibwa na mastike. Fundi wa kwanza alipopaka ukingo wa chini, alilijaza na kulipiga msasa likawa laini.

Nilimwita Mama Mwalimu aje aone. Akainama, akatazama, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe nililipa wanifungie maji ndani."

Ndivyo ilivyokuwa. Kabla ya matengenezo yale, nusu ya maji ilikuwa na njia ya kutokea. Baada yake, hakuna tone lililotoka ila kwa kula chuma.

Tulianza na taa. Mpira mpya wa Corolla ya mwaka ule haukupatikana, nikakata mwingine kutoka kwenye chubu ya lori. Chubu hizo hutengenezwa kwa mpira wa butili, unaokataa maji na hewa vizuri, ukikatwa kwa kufuata umbo la taa unakaa miaka. Mtu mmoja alikuwa amependekeza silikoni. Silikoni inayonuka siki inatoa asidi inapokauka, na asidi ndiyo tunayoikimbia. Tena mabaki yake yakigusa bati unalotaka kupaka rangi, rangi inajikusanya na kuacha vidoa kama macho ya samaki. Haikuingia uani kwetu.

Kukata ndiyo sehemu inayomtia mtu hofu. Shimo lililoonekana kama ngumi lilipofuatwa mpaka kwenye chuma king'aacho pande zote, likawa sentimita 14 kwa 22. Mama Mwalimu aliuliza kama ni lazima likatwe kubwa hivyo. Ni lazima. Ukiacha ukingo wenye kutu milimita tano tu, umeacha mbegu. Kiraka nilikikata kutoka kwenye mlango wa gari lililokufa, bati la unene ule ule, nikalipinda taratibu juu ya bomba la maji mpaka likafuata mviringo wa upinde.

Kabla ya kuchomea: tangi la petroli la Corolla liko chini ya kiti cha nyuma, hatua moja tu kutoka pale. Tulitoa kiti, zulia na kila kitambaa. Tulichomoa waya hasi wa betri. Magunia yaliyolowa yalifunika upande wa tangi, ndoo ya maji na ndoo ya mchanga zilikuwa tayari, na kijana mmoja alikaa upande wa ndani kazi yake ikiwa ni kutazama cheche tu. Kama ningesikia hata harufu kidogo ya petroli ningeahirisha. Watoto walipelekwa kwa jirani. Mambo haya sifanyi kwa kuigiza. Nimeshaona gari likiwaka uani kwa mtu.

Bati jembamba halitaki moto mrefu. Mashine inayotumia waya ndiyo bora, lakini tuliyoazima ilikuwa ya vijiti, kwa hiyo nilitumia vijiti vyembamba vya milimita 1.6 na umeme mdogo, nukta moja hapa, nyingine ng'ambo, kisha nasubiri mpaka ninaweza kushika kwa mkono. Ukikimbilia kuchora mstari mzima kwa mkupuo, bati linajikunja kama jani la mgomba juani na utalifunika kwa mastike nene, ukarudi ulikotoka. Ilinichukua karibu siku nzima. Matundu mawili ya maji niliyafungua upya, nikayasafisha kwa spoku ya baiskeli.

Upande wa ndani, mahali ambapo chuma kilikuwa na vishimo vya kutu lakini bado ni kizima, nilisugua kwa brashi ya chuma mpaka unga ukaisha, nikapaka dawa yenye asidi ya fosforiki. Asidi hii inabadilisha kutu iliyobaki vishimoni iwe fosfati ya chuma, weusi mgumu usioendelea kula. Dawa hii haifanyi miujiza juu ya kutu nene inayomenyeka. Ikishafanya kazi lazima ifutwe na kukaushwa vizuri, kwani mabaki yake yanazuia praima, yaani rangi ya kwanza ya kukinga chuma, kushika. Baada ya hapo, praima ya epoksi ndani na nje, na kiungo cha kiraka kikazibwa kwa gundi ya viungo vya karoseri upande wa bondeni. Ndani ya bonde hakuna mtu atakayetazama. Hapo ndipo nilipoweka praima nyingi kuliko popote.

Mastike ilikuja sasa, baada ya chuma kuwa kamili, na kwa kulainisha tu. Haikufika milimita mbili. Asubuhi za Julai hapa, kwenye mwinuko wa kama mita 1,500, kuna baridi na mastike inachelewa kukauka, basi watu wanaongeza kigumisho. Kipimo ni kama gramu mbili kwa kila gramu mia. Ukizidisha, wekundu wa kigumisho unaweza kupanda kwenye rangi nyeupe baada ya wiki chache, na hakuna ung'arishaji utakaoufuta. Afadhali kungoja jua la saa nne. Msasa ulikuwa namba 80, kisha 180, kisha 320, wote mkavu, kwa sababu nilizosema: mastike ikilowa inakunywa. Maji nilianza kuyatumia juu ya praima ya mwisho tu, kwa msasa namba 600.

Kuhusu rangi kulikuwa na mtego mmoja. Nililowesha kitambaa kwa thina na kusugua rangi ya matengenezo ya kwanza. Ikalainika na kujikunja kama ngozi ya maziwa. Rangi ya kiwandani haifanyi hivyo. Ilikuwa aina ya rangi ya milango ya chuma, na kama ningepuliza yangu juu yake, eneo lote lingekunjamana. Niliikwangua yote mpaka kwenye nyeupe ya kiwanda. Jaribio hili la kitambaa linachukua nusu dakika.

Gari jeupe ni rehema kwa anayepaka nyumbani. Kibati kilichoko chini ya boneti kinaonyesha namba 040, nyeupe ya Toyota isiyo na chembe za kumetameta, haihitaji tabaka la uwazi juu yake. Ila nyeupe iliyokaa juani miaka 26 haiko tena 040. Nilifungua kifuniko cha tangi la petroli, nikakipeleka dukani, wakachanganya mpaka ikafanana nacho.

Aina ya rangi tuliijadili sana. Rangi za kisasa zenye kigumisho ni ngumu zaidi na zinang'aa zenyewe, lakini kigumisho chake kina isosianati, na mvuke wake ukivutwa unaweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Kitambaa puani au barakoa ya vumbi havizuii kitu. Kwenye ua wenye watoto na majirani ukuta kwa ukuta, nilikataa. Tulitumia selulosi, ile ambayo mafundi wengi wanaita duko, inayokauka kwa thina kuruka. Nayo mvuke wake si wa kuchezea, na unawaka kwa cheche moja. Nilivaa barakoa yenye vichujio vya mvuke na jiko la makaa lilizimwa mapema. Sikutafuta mstari wa kukatia rangi katikati ya bati. Nilipaka bati lote la ubavu, kuanzia mlango mpaka kwenye nguzo nyembamba inayopanda paani, ambapo mchanganyiko hauonekani sana.

Jumamosi saa mbili asubuhi tulimwagia uwanja maji ili vumbi la lava lilale. Nilimwaga maji yaliyojikusanya chini ya kompresa, nikapuliza: umbali wa shubiri moja, mkono unakwenda sambamba na bati, kila mpito unafunika nusu ya uliotangulia, dakika kumi na tano kati ya tabaka na tabaka. Tabaka tatu. Ubavu ulitoka safi.

Kosa langu lilikuwa mchana. Mlango wa mbele kushoto ulikuwa tayari, rangi ilikuwa imebaki, nikataka kumaliza siku ile ile. Saa tisa wingu lilikuwa limeshuka kutoka upande wa mlima na hewa imekuwa nzito. Nililiona, nikapuliza. Thina inaporuka kwa kasi inapoza rangi, na hewa yenye unyevu inaacha maji juu yake. Mlango ulikauka ukiwa umefifia, mweupe wa chokaa, bila mng'ao wowote. Kompresa nayo sikuimwaga maji mara ya pili. Jumatatu nililazimika kuusugua wote kwa msasa namba 800 na kuupaka tena asubuhi. Ile nusu lita niliilipa mimi, maana Mama Mwalimu hakuwa amenituma kufanya haraka.

Wiki mbili baadaye tuling'arisha, kisha nikafanya kazi ya mwisho: kupuliza nta ndani ya bonde, ndani ya milango na kwenye mihimili. Nta inakuja baada ya moto na rangi, kamwe si kabla, kwa sababu inawaka na inaharibu rangi. Wengi hapa wanamwaga oili chafu ya injini mahali pake. Inazuia kutu kwa muda, ni kweli, lakini inalainisha mipira, inadondoka ardhini, na fundi atakayekuja kupaka rangi baadaye atalia. Lami chini ya gari naichukia zaidi. Ikipasuka mahali pamoja, maji yanaingia nyuma yake na kukaa, na wewe unaona weusi mzuri tu.

Mlango ule wa kushoto sikuuponya kabisa, na nilimwambia hivyo kabla hajalipa. Ukingo wa chini wa mlango ni bati lililokunjwa juu ya jingine, na kutu iko kati ya mikunjo miwili. Huwezi kuifikia bila kufungua mkunjo wote, kazi ambayo ingegharimu kuliko mlango mwingine uliotumika. Nilifungua matundu yake ya maji, nikasafisha nilipofikia, nikaacha epoksi inywee kwenye mkunjo, nikajaza nta. "Huu utarudi," nilimwambia. "Labda miaka miwili, labda mitatu."

"Afadhali nijue," alisema.

Nilimpa spoku ya baiskeli na kumwonyesha matundu yote: mawili chini ya ubavu kila upande na yale yaliyoko chini ya kila mlango. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na baada ya kila mvua kubwa.

Mvua za Septemba zilipita, za Novemba zikapita. Machi 2024, baada ya wiki ya mvua isiyokatika, alinipigia simu nije kutazama. Nililala chini juu ya mbao, nikaingiza mkono bondeni. Mkavu, na nta bado inanata vidoleni. Bati la ubavu, sumaku inashika mpaka ukingoni. Kwenye mlango wa kushoto, chini kabisa, kulikuwa na nukta mbili ndogo kama mbegu za ulezi. Mama Mwalimu alikuwa ameshaziona kabla yangu. Alinipa penseli, nikazizungushia duara, naye akaandika tarehe pembeni.